Rimu za Shingo Pana

Tarehe 2 Mei

Mwanangu Binti Tairi,

Salamu kwanza, halafu ombi, halafu onyo. Salamu: sote hatujambo, cherehani yangu tu ndiyo inakohoa. Ombi: nataka rimu nne. Onyo: ukinipigia simu kuhusu jambo hili, nitakukana mbele ya ukoo mzima.

Simu haifai kwa sababu ya mume wangu. Tangu macho yaanze kumwekea ukungu, masikio yake yamekuwa balaa. Juzi nilikuwa sebuleni namnong'oneza mteja kwamba kiuno kimeongezeka, nikasikia mtu anacheka bafuni. Kwa hiyo tutaandikiana kama wachumba wa zamani. Barua zako zipitie kwa jirani yangu mwenye duka la vifungo, ataniletea pamoja na zipu.

Sasa sikiliza. Lile gari lake jekundu la viti viwili, lile la chini ambalo ukitaka kushuka lazima upewe mkono, bado liko gereji hapa nyumbani. Unakumbuka alivyolipata, kwa miaka na miaka ya kukereza vyuma karakana. Liliingia shimoni, rimu mbili zikapinda na moja ikapasuka. Kabla hajazishughulikia, daktari wa macho akamwambia asiendeshe tena. Akaja nyumbani, akatumbukiza funguo kwenye bakuli langu la vifungo, na tangu siku ile hajaligusa. Mtu aliyekuwa akilisimulia gari kama mtoto wa kwanza, sasa akipita kwenye mlango wa gereji anaongeza mwendo.

Leseni ninayo mimi. Nataka nimketishe kiti cha abiria, nimpeleke kwenye ile barabara ndefu ya nje ya mji, alisikie likinguruma. Mume wangu anazimika taratibu mbele yangu, mwanangu, naye mzima wa afya. Namtaka yule wangu wa zamani.

Naomba rimu za dhahabu, kubwa, za kung'aa. Na bei iwe ya damu, si ya mteja.

Shangazi yako

*

Tarehe 7 Mei

Shangazi mpenzi,

Nimesoma barua yako nimekaa juu ya rundo la tairi. Nilicheka, halafu nikafuta machozi kwa mkono wenye grisi. Sasa nina masharubu. Nitakusaidia, ila uniache nikufundishe, kwa sababu hapa dukani kila wiki analetwa mtu aliyenunua rimu kwa macho.

Dhahabu sahau. Kubwa pia sahau. Zile zinazong'aa barabarani kwa bei ya kutupa nyingi ni za kuigiza, ukizigeuza nyuma hazina hata alama ya uzito zinaoweza kubeba. Shimo moja tu, umeachwa na vipande. Nitakutafutia za kiwanda kinachoeleweka, zisizo na jina kubwa. Unalipia chuma, hulipii sifa.

Fikiria rimu ni nguo na gari ndiye mteja. Matundu ya nati ni vifungo: yasipolingana na ya gari, hakuna kufunga. Umbali wa rimu kuingia ndani au kutokea nje ni mahali kiuno kinapokaa: ikitokeza sana, tairi linakwaruza madigadi, ikizama sana linakwaruza springi. Tena gari la michezo lina breki nene, kwa hiyo tumbo nalo linahitaji nafasi. Na tundu kubwa la katikati ni shingo ya nguo. Ndilo linalopita kwenye kitovu cha gari, pale rimu inapokaa. Likiwa dogo, rimu haiingii kabisa.

Nakuomba unipimie. Tumia karatasi yako ya kukatia mitindo. Toa gurudumu moja, ibandike karatasi pale, unichoree yote.

Binti Tairi

*

Tarehe 12 Mei

Binti Tairi,

Kumbe gari ni mteja! Ungeniambia hivyo tangu mwanzo nisingelala na wasiwasi. Wateja wagumu nimewapima miaka yote, wengine hawataki hata kuguswa kwapani. Hili limetulia lenyewe.

Mzee alipoenda kwa kinyozi wake (akienda kunyolewa hunyolewa pamoja na habari zote za mji), mimi na jirani wa vifungo tukaingia gereji. Jirani ana mikono minene, nati zilimtii kwa hofu. Jeki ilituzomea kidogo lakini ilipanda. Nikakata karatasi, nikaipitisha kwenye kitovu, nikapiga alama za nati tano kwa chaki. Nimekaza kweli, vifungo havina mzaha. Rimu ya zamani nayo nimeilaza kifudifudi, nikaweka rula juu kama ulivyonielekeza siku zile za harusi ya binamu yako, ulipotuchosha na habari za rimu mpaka keki ikaisha. Vipimo nimeviandika pembeni. Breki nimezikatia kadibodi, tumbo lake ndilo hilo.

Karatasi ninakutumia, imekunjwa kama shati jipya. Kazi safi. Utatamani uniajiri.

Dhahabu nimesahau, hata za rangi ya fedha nitakubali. Lakini ziwe na miguu myembamba, zisiwe kama sufuria.

Shangazi yako

*

Tarehe 17 Mei

Shangazi,

Karatasi yako nimewaonyesha mafundi wote hapa. Mmoja ameomba aibandike ukutani. Nati zako zimekaa sawa, kina sawa, breki zina nafasi ya kupumua. Tundu la katikati lilinishangaza kidogo, nilidhani kitovu cha gari lile ni chembamba kuliko hivyo, ila magari ya michezo yana mambo yake. Nimekuamini.

Nilikuwa na seti mbili mkononi, zote za fedha, zote bei ya damu. Moja tundu lake lilikuwa dogo kuliko la karatasi yako, nikaiacha. Nyingine imekubali karatasi kama imezaliwa nayo. Ndiyo hiyo ninayokutumia. Miguu myembamba mitano, si sufuria.

Nimeshazifunga tairi na kuzisawazisha kwenye mashine. Lori la mizigo litazishusha kwa jirani. Kaza nati kwa kuruka, ya juu halafu ya ng'ambo, usizifuate kwa mzunguko. Ukiendesha kidogo, simama, uzikaze tena.

Binti Tairi

*

Tarehe 26 Mei

Mwanangu,

Gari limezivaa! Kinyozi amebarikiwa, Mzee alikaa huko nusu ya siku. Nikwambie, gari limesimama pale kama bibi harusi aliyekwisha pakwa poda. Jirani alipiga kelele nikamziba mdomo kwa kitambaa.

Tatizo, Mzee pembeni ya macho yake bado anaona mng'ao. Asije akachungulia akaona vitu vya fedha vinne. Kwa hiyo nimelifunika gari kwa lile pazia zito la kijani, nimelishonea kabisa, limefika mpaka sakafuni. Jana alipita, akasimama, akaligusa pazia, akauliza, "Umelifunika?" Nikasema vumbi limezidi. Akaguna akaondoka. Hajashuku kitu, maskini! Nasubiri siku nzuri tu, isiyo na mvua wala wateja.

Shangazi mwenye furaha

*

Tarehe 27 Mei

BINTI TAIRI,

Naandika kwa kalamu nene ya maboksi. Mistari ikipanda, ifuate.

Nitafutie mtu wa kununua gari. Rimu zake mbovu, mwambie ukweli. Nataka liondoke.

Shangazi yako anashonea sebuleni. Meza ya kulia imejaa suti, tunakula tumeshika sahani mapajani. Gereji ingemfaa kwa kazi, lakini gari limekalia nafasi yake. Halalamiki. Ila juzi amelifunika mpaka chini, kama maiti. Nimeligusa pazia, limeshonwa. Mtu hashoni pazia la namna ile kama hajachoka na kitu.

Mimi sina la kufanya nalo tena. Fundi asiyeona ni mzigo, na mzigo haupaswi kumiliki gari la michezo.

Usimwambie. Usipige simu, ananisikiliza.

MZEE

*

Tarehe 3 Juni

BINTI TAIRI,

Kinyozi amenisomea jibu lako, kwamba soko ni baya, mvua ni nyingi na watu siku hizi wanapenda magari marefu. Unadanganya vibaya kama baba yako.

Mimi mwenyewe nimepata mtu, hukohuko kwa kinyozi. Ni daktari wa meno. Anakuja Jumamosi na fedha zake. Atalivuta kwa gari lake.

Asante kwa kujaribu kutojaribu.

MZEE

*

Tarehe 4 Juni

Shangazi,

Nimempa barua hii dereva wa basi mkononi, nikamwapisha. Maji yamenifika shingoni. Nimemwahidi mtu kwamba sitasema jambo, na nimekuahidi wewe kwamba sitasema jambo jingine, na nikikutana na mtu wa tatu mwenye siri nitahama nchi.

Nikuambie hivi tu: kama una nia ya kumpandisha Mzee kwenye gari, mpandishe kabla ya Jumamosi. Usisubiri siku nzuri. Hata ikinyesha. Hata wateja wakipanga foleni mpaka barabarani. Usiniulize kwa nini, nitalia.

Binti Tairi

*

Tarehe 9 Juni

Mwanangu, we mtoto we!

Kaa chini. Juu ya tairi si vibaya.

Barua yako ilifika Ijumaa asubuhi ndani ya pakiti ya zipu nyeusi. Nikapiga moyo konde. Mimi na jirani tukafumua pazia, tukalisukuma gari nje bila kuliwasha. Nikamwambia Mzee, vaa suruali nzuri, nina suti ya kumpelekea mteja, teksi ipo nje, nataka mtu wa kuishika mapajani isikunjike. Mwenzangu kaja, kashika suti yake kwa adabu. Nikamwongoza mlangoni, nikamsukuma kichwa kidogo, akaingia. Alipokaa tu, magoti yakamfika kifuani.

Akasema, "Hii si teksi."

Nikawasha. Uso wake uligeukia dirishani mpaka tulipotoka mjini. Nikadhani amekasirika. Mwanangu, nilitaka kulia pale pale kwenye usukani. Nilijiambia, nimekosea, nimemtonesha kidonda, mtu wa watu nimembeba kama furushi la nguo.

Tukafika kwenye ile barabara ndefu. Nikakanyaga. Mwanzo likaenda kama siagi. Nikaongeza, mara usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu, kisha kiti, kisha vifungo vya suti ya mteja vikaanza kugongana kwenye mapaja ya Mzee. Nikaona nimekwisha.

Yeye akainua kichwa. Akakiinamisha upande, vile alivyokuwa akifanya karakana. "Punguza," akasema. Nikapunguza, mtetemo ukaisha. "Ongeza." Ukarudi. "Punguza. Ongeza. Achia mafuta kabisa. Simamisha."

Akashuka bila kuomba mkono, suti ikaanguka chini! Akapiga magoti vumbini na suruali yake nzuri, akapapasa gurudumu la mbele.

"Hizi si rimu zangu."

"Siyo zako."

"Rangi gani?"

"Fedha."

"Afadhali. Niliogopa dhahabu." Akaendelea kupapasa, akagusa nati moja moja, akatikisa tairi. "Zimesawazishwa?"

"Binti Tairi amezisawazisha."

"Nati zimekaa. Tairi jipya. Basi ni katikati. Nani alipima kitovu?"

Nikasema mimi. Nikamweleza yote, karatasi, chaki, jirani na mikono yake. Nikamweleza kwamba mwanangu aliniambia lile tundu ni shingo ya nguo, na mimi tangu nishike mkasi sijawahi kukata shingo inayobana. Shingo unaikata kwa kipimo, kisha unaachia kidogo, kichwa kipite bila kuvuruga nywele. Hata kwenye karatasi ile niliachia. Mkono ulienda wenyewe.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, tena akaikalia suti ya mteja. "Mke wangu," akasema, "gari halina nywele!"

Sijamsikia akicheka vile tangu siku ile ya funguo. Nami nikakaa chini vumbini, tukacheka kama wehu wawili, mwenye baiskeli akasimama kutuuliza kama tumepata ajali.

Tulirudi polepole. Njia nzima ananieleza: rimu inaning'inia kwenye nati tu, haijakumbatia kitovu, ndiyo maana ikishika kasi inahema. Dawa yake ni pete, moja kwa kila gurudumu, ya kujaza ile nafasi yangu ya nywele. Pete ya alumini. Kazi ya kukereza. Aliposema "kukereza" alijikuna kidevu.

Sasa ngoja. Jumamosi mlango unagongwa, nafungua, daktari wa meno. Anasema amekuja kuchukua gari. Gari gani? Nusura nimng'oe yeye hayo meno. Mzee akatoka, mikono imejaa grisi, akamwambia, "Samahani daktari, gari liko kwa fundi." Akaulizwa fundi nani. Akasema, "Mimi."

Daktari alipoondoka nikamweka kitako. Ndipo akatoa yote, gereji, sebule, pazia. Eti mimi nimelichoka gari! Eti gereji niifanye chumba cha kushonea! Nikamwuliza, gereji ina dirisha? Nitashona gizani, nimtie mtu zipu mgongoni? Sebuleni kuna mwanga, na zaidi ya hayo kuna yeye, anayenicheka kutoka bafuni. Akaniomba niliondoe lile pazia, amechoka kujikwaa nalo.

Na wewe uliyajua yote, ukakaa kimya! Nitakupiga, kisha nitakukumbatia.

Shangazi yako

*

Tarehe 12 Juni

Shangazi,

Kosa ni letu sote. Mimi ndiye niliyeiita shingo, nikakwambia ikiwa ndogo haiingii, nikasahau kukwambia ikiwa pana inakuwaje. Ile seti niliyoiacha ndiyo ilikuwa saizi yake hasa! Karatasi yako imeondolewa ukutani, mimi nimewekwa mahali pake.

Usihangaike. Pete hizo zinauzwa tayari, na kwa kuwa karatasi ilinichezea, kipimo cha kitovu nimekichukua safari hii kwa fundi aliyewahi kulifungua gari la aina hiyo. Ninakutumia nne kwenye pakiti hii. Unazichomeka tu, rimu inatulia. Mzee asisumbuke. Mpaka zikae, msipite mwendo wa bibi harusi.

Binti Tairi

*

Tarehe 16 Juni

Mwanangu,

Pakiti imefika. Pete nzuri, nyepesi, nimezijaribu kama bangili.

Lakini sikuzitoa. Sikia: Mzee anaamka alfajiri siku zote hizi. Anavaa koti lake la kazi, lile la bluu nililokuwa nimelikata nusu niligeuze dasta, ikabidi niliunge usiku kucha. Anakwenda karakana yake ya zamani. Mwenzake wa siku zile anashika mashine, yeye anashika kazi kwa vidole, anamwambia bado, bado kidogo, hapo. Anarudi na vipande vya alumini kwenye nywele, anakula sahani mbili, anaongea mpaka nasinzia. Jana aliniita mimi "dereva".

Sasa nimtolee pete za kununua? Ningekuwa na roho gani? Nimezificha kapuni, chini ya vitambaa vya bitana. Gari limepumzika gereji mpaka amalize. Usinitaje.

Dereva (shangazi yako)

*

Tarehe 21 Juni

BINTI TAIRI,

Mistari inapanda bado. Mimi pia.

Pete zimekamilika. Jana tuliingia barabara ndefu. Shangazi yako alikanyaga mpaka nikasikia kofia inataka kuondoka. Usukani haukutikisika. Aliachia mkono mmoja kunionyesha. Nikamwambia aurudishe.

Tumepatana. Yeye ana macho na leseni. Mimi nina masikio. Gari haliuzwi.

Nikwambie siri. Kapuni, chini ya bitana, kuna pete zako nne. Nilizipapasa siku ileile zilipofika, nilikuwa natafuta uzi wa kufungia miwani. Ni nzuri. Pete yangu ya pili ilikuwa imenishinda, nikaiazima moja yako niisikie kwa vidole, kisha nikairudisha kona ileile, imelala vilevile. Usimwambie najua. Anafurahi sana kuficha.

Ombi moja. Rimu hizi zitachoka siku moja. Ukitutumia nyingine, ziwe na kasoro. Isiwe kubwa ya kutuumiza. Ndogo tu, ya kunitosha mimi.

MZEE
Fundi wa gari